Damu Imtangulie Mgonjwa

Katika Injili ya Mtakatifu Mateo Bwana wetu Yesu Kristo alitufundisha kwa mfano wa wanawali kumi waliotoka na taa zao kwenda kumlaki bwana arusi. Wote kumi walikuwa na taa. Wote kumi walisinzia. Wote kumi walitaka kuingia karamuni. Tofauti yao ilikuwa moja tu: watano walichukua mafuta ya akiba, na watano hawakuchukua. Kelele ilipopigwa usiku wa manane, wale watano wapumbavu hawakukataa kununua mafuta. Walikwenda mbio kuyatafuta, na pengine waliyapata. Lakini waliporudi mlango ulikuwa umekwisha fungwa. Hawakuachwa nje kwa sababu ya uchoyo, wala kwa sababu ya chuki, bali kwa sababu ya kuchelewa.

Wapenzi wasomaji, leo twataka kuufikiri mfano huo tukiwa tumesimama kando ya kitanda cha mgonjwa anayehitaji damu. Maana yako mambo ambayo mtu akiyatoa kwa moyo mweupe, lakini kwa kuchelewa, huwa kama hakuyatoa. Damu ni mojawapo.

Tutaeleza jambo tulilolishuhudia wenyewe. Hatutaitaja hospitali, wala parokia, wala jamaa waliopatwa na msiba, kwa kuwa hawana kosa la kutangazwa. Mama mmoja alifika kujifungua mtoto wake wa tatu. Mtoto alizaliwa salama, akalia, watu wakamshukuru Mungu. Baada ya kitambo kidogo mama akaanza kutokwa na damu nyingi isiyokoma. Wauguzi wakafanya yote waliyofundishwa kufanya, daktari akaitwa, akaja mbio, damu ikahitajika. Ilikuwa yapata saa nane za usiku. Jokofu la damu lilipofunguliwa, zilikuwamo chupa mbili tu, nazo ni za kundi A. Mama yule alikuwa wa kundi O, na mtu wa kundi O hawezi kupokea damu nyingine ila ya kundi lake.

Basi jamaa wakapigiwa simu. Mumewe alipimwa, akaonekana kuwa wa kundi A. Wakafika ndugu watatu kwa pikipiki kutoka kijijini, mmoja wao akaonekana kuwa wa kundi O, akanyosha mkono wake bila kusita. Lakini damu iliyotoka mkononi mwa mtu haiwezi kuingizwa papo hapo mwilini mwa mwingine. Sharti ipimwe maradhi. Sharti ilinganishwe na damu ya mgonjwa. Kazi hiyo ilipokuwa ikiendelea, naye jogoo wa kwanza hajawika, mama yule akafariki dunia.

Hapo ndipo linapoanza jambo linalotuchoma moyo. Dominika chache kabla ya usiku ule, tangazo lilisomwa kanisani baada ya Komunyo: watumishi wa Damu Salama watakuja uwanjani mwa parokia, na kila mwenye afya anaombwa achangie. Walikuja kweli. Walitandika vitanda vyao chini ya mwembe tangu Misa ya kwanza. Nasi tulitoka kanisani, tukawasalimu kwa adabu, tukapita. Mmoja alikuwa na haraka ya kwenda sokoni, mwingine alikuwa na wageni nyumbani, mwingine alisema atatoa safari ijayo. Waliotoa walihesabika kwa vidole. Lakini siku ya mazishi tulijaa pomoni. Tulileta mchele na kuni, tukachanga rambirambi, tukafunga maturubai, kwaya ikaimba kwa huzuni. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda sokoni siku ile. Ndugu Wakristo, tujiulize bila kujidanganya: saa ile moja tuliyomnyima mama yule alipokuwa hai, mbona tulikuwa na siku tatu za kumpa alipokuwa amekufa?

Hatusemi haya ili kumlaumu mtu yeyote peke yake. Sisi tunaoandika tulikuwamo miongoni mwa waliopita chini ya mwembe. Twasema ili tujifunze jambo moja, nalo ndilo shina la maneno yetu yote ya leo: damu inayomwokoa mgonjwa siyo ile iliyo mishipani mwa ndugu zake wenye huruma, bali ni ile iliyokwisha tolewa, ikapimwa, ikawekwa jokofuni, kabla jina la mgonjwa halijajulikana.

Kwa nini iwe hivyo? Yafaa tuelewe kazi yenyewe, maana ujinga ndio mama wa hofu. Zamani waganga wa Ulaya walijaribu kumtia mtu damu ya mwenzake. Wengine walipona, wengine walikufa mara moja, wala hakuna aliyejua sababu. Fumbo hilo lilifumbuliwa na daktari mmoja wa Austria, Karl Landsteiner, aliyezaliwa tarehe 14 Juni 1868 katika jamaa ya Kiyahudi, akaingia katika Kanisa Katoliki mwaka 1890. Mnamo mwaka 1901 alionyesha kwamba damu za wanadamu hazifanani zote, bali zina makundi, na kwamba damu ya kundi lisilopatana na la mgonjwa humdhuru badala ya kumponya. Alitambua makundi matatu, na mwaka uliofuata wenzake wakalitambua la nne. Mwaka 1930 alipewa Tuzo ya Nobel. Ndiyo maana siku yake ya kuzaliwa, tarehe 14 Juni, huadhimishwa duniani kote kuwa siku ya kuwashukuru wachangia damu.

Tangu hapo elimu imeongezeka. Leo, damu ya mchangiaji hupimwa kundi lake, kisha hupimwa kama haina virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya aina ya B na ya C, na kaswende. Iliyoonekana kuwa na kasoro huteketezwa. Iliyo safi yaweza kutengwa sehemu zake: chembe nyekundu kwa aliyepungukiwa na damu, maji ya damu yaitwayo plazima, na chembe zile zinazosaidia damu kuganda. Hivyo chupa moja yaweza kuwafaa wagonjwa hata watatu. Walakini haidumu. Chembe nyekundu huhifadhiwa katika baridi kwa muda wa siku 35 hivi. Zile za kugandisha hukaa siku tano tu. Kwa hiyo akiba ya damu haifanani na ghala la mahindi, ambalo likijazwa wakati wa mavuno hulisha mwaka mzima. Yafanana zaidi na mtungi wa maji nyumbani: mtu asipokwenda kisimani mara kwa mara, siku ya tatu watoto watakunywa nini?

Na wahitaji hawakomi. Duniani kote, kutokwa na damu baada ya kujifungua ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya akina mama wazazi, na mama anayetokwa damu kwa nguvu aweza kufa kwa muda wa saa mbili tu asipopata msaada. Watoto wadogo, malaria ikiwashika sana, damu yao huharibika upesi, nao huletwa hospitalini wakiwa weupe viganjani na wenye kuhema. Wako ndugu zetu wenye ugonjwa wa siko seli, ambao baadhi yao huhitaji damu tena na tena. Wako wanaovunjwa na magari na pikipiki barabarani, wanaopasuliwa, na wanaotibiwa saratani. Hospitali za Serikali huwapokea, na hospitali za Kanisa letu huwapokea kadhalika. Bugando, Ndanda, Peramiho, Ifakara na Sengerema ni majina yanayojulikana na kila Mkatoliki wa nchi hii. Tulizijenga kwa sadaka na jasho. Lakini kitanda, dawa, mganga hodari na Sista mwenye huruma havitoshi, ikiwa jokofu la damu ni tupu. Damu haitengenezwi kiwandani popote duniani. Hupatikana kwa njia moja tu: mtu humpa mtu.

Nchi yetu ilianzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama mwaka 2004, kwa msaada mkubwa wa Marekani. Kabla ya hapo kila hospitali ilijitafutia yenyewe, na aghalabu mzigo wote uliwaangukia jamaa za mgonjwa. Vilijengwa vituo vya kanda: Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, Tabora, Mbeya na Mtwara, na baadaye Dodoma. Zanzibar nayo ina mpango wake. Watumishi hutoka vituoni kwenda mashuleni, makazini, makanisani na misikitini kuwaomba watu, kisha damu hupimwa na kupelekwa hospitalini. Utaratibu ni mwema. Lakini utaratibu ni kama mfereji. Bila chemchemi hauwezi kumnywesha mtu. Tena msaada wa wageni huja na huondoka, wala hakuna taifa lolote rafiki linaloweza kututolea damu kwa niaba yetu. Deni hili ni letu wenyewe.

Je, deni hilo ni kubwa kiasi gani? Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba, kwa mahitaji ya lazima, nchi yafaa ikusanye kila mwaka chupa za damu zisizopungua moja kwa kila watu mia. Katika sensa ya mwaka 2022 tulihesabiwa watu 61,741,120. Basi sehemu yetu ni chupa zipatazo laki sita na kumi na saba elfu kwa mwaka, na kwa miaka mingi tumekusanya chini ya hesabu hiyo. Mtu akisikia laki sita huogopa, akadhani ni kazi ya Serikali na wakubwa. Hebu tuigawe hesabu hiyo katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo. Jumuiya yenye nyumba ishirini, kila nyumba ikiwa na watu watano, ina watu mia. Sehemu yake ni chupa moja. Ndiyo: nyumba ishirini, mwaka mzima, chupa moja! Ni nani atakayesimama mbele ya Mungu na kusema kwamba mzigo huo ulimshinda? Jumuiya ikitoa tatu au nne, itakuwa imelipa deni lake na la wengine wasioweza.

Yatupasa pia tuone aibu kidogo, aibu ile njema iletayo toba, kwa kuwa mzigo wa wazee umebebwa na vijana. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu imetolewa na wanafunzi wa sekondari na wa vyuo waliotimiza umri. Watumishi hufika shuleni, vijana hupanga mstari, na kwa siku moja chupa nyingi hupatikana. Twawasifu na kuwashukuru. Lakini shule hufungwa. Mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba wanafunzi hurudi makwao, na akiba ya damu hupungua. Na mwezi wa Juni ndio unaofuata mvua za masika, wakati malaria inapowazidi watoto. Na mwisho wa Desemba ndio wakati wa safari nyingi na ajali nyingi. Kwa hiyo haja inapopanda, ndipo kisima kinapokauka. Je, wazazi hatuna mishipa? Mtoto akitoa damu shuleni, naye baba mwenye afya akae nyumbani akiogopa sindano, ni nani anayemfundisha mwenzake katekisimu?

Twazijua sababu zinazotajwa, nazo hatuzicheki, maana nyingine zina historia. Wazee wetu, wakati wa ukoloni, walisikia habari za mumiani na za wazimamoto, watu waliosemwa kuwa huwakamata wenzao usiku na kuwanyonya damu ili kuiuza. Habari hizo zilienea pwani na bara. Zilikuwa uvumi, lakini uvumi ule ulizaliwa na watu waliokuwa wamezoea kuchukuliwa vyao bila kuulizwa. Leo mambo ni kinyume kabisa. Mchangia damu haitwi usiku, wala hashurutishwi. Huulizwa, huelezwa, na akikataa huenda zake kwa amani. Kati ya kunyang'anywa na kutoa iko tofauti ileile iliyopo kati ya mwizi na sadaka.

Wengine huogopa kwamba damu yao itaisha. Mtu mzima ana damu ipatayo lita tano. Inayochukuliwa haifiki hata nusu lita. Kutoka kwake huchukua kama dakika kumi, na shughuli nzima, pamoja na maswali, vipimo na kupumzika, humalizika kwa muda wa kama saa moja. Maji yaliyopungua hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu hujengwa upya kwa majuma kadhaa. Mtu na ale vizuri, maharagwe, mchicha, dagaa, na maini akiyapata. Ndiyo sababu mwanamume hutakiwa angoje miezi mitatu kabla ya kutoa tena, na mwanamke miezi minne. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, na uzito usiopungua kilo 50; naye hutobolewa kidole kwanza ili ijulikane kama damu yake mwenyewe yatosha. Mama mjamzito au anayenyonyesha hatoi, wala mtu aliye mgonjwa hatoi. Mungu hapendezwi na sadaka inayomwangusha mtoaji bila sababu.

Wengine husema, «Damu tunayoitoa bure huuzwa hospitalini.» Hili ni neno zito, nasi twalijibu kwa uzito. Kwa utaratibu wa nchi yetu damu haiuzwi, na mgonjwa hapaswi kuinunua. Anayemtoza mgonjwa fedha kwa ajili ya damu anafanya wizi, tena wizi juu ya mtu aliye katika hatari ya kufa. Wakumbuke watu wa namna hiyo kwamba vile vipande thelathini vya fedha vilipotupwa hekaluni, hata makuhani wakuu, ambao mioyo yao ilikuwa migumu, waliogopa kuvitia katika sanduku la hazina, kwa kuwa vilikuwa thamani ya damu. Aonaye uovu huo na amwarifu mkuu wa hospitali bila hofu. Lakini tusiufanye uovu wa mwizi kuwa kisingizio cha uchoyo wetu. Mwizi akivunja sanduku la sadaka kanisani, je, Dominika ifuatayo Wakristo huacha kutoa sadaka? Hulitengeneza sanduku, wakatoa.

Iko na hofu nyingine, ambayo watu huinong'ona tu: hofu ya kupimwa na kuambiwa habari isiyotakiwa. Ndugu, ugonjwa haungoji kujulikana ndipo uwe ugonjwa. Majibu ni siri ya mchangiaji na wahudumu, naye akionekana ana shida huelekezwa penye matibabu, ambayo leo yapo na yanawafaa wengi. Lakini hapa twapaswa kuonya kwa nguvu. Asiende mtu kutoa damu kwa nia ya kupimwa tu, hali anajua kwamba mwenendo wake umemtia katika hatari. Kipimo kizuri namna gani, bado ziko siku za mwanzo ambapo ugonjwa umekwisha ingia mwilini na kipimo hakiuoni. Kwa hiyo mchangiaji huulizwa maswali juu ya maisha yake. Maswali hayo si utukutu. Ni ulinzi wa mgonjwa asiyeweza kujilinda. Anayesema uwongo pale avunja Amri ya Nane, na huenda akaivunja na ya Tano, maana uwongo wake waweza kumwua mtoto asiye na hatia. Mwenye shaka na nafsi yake aende zahanati akapimwe. Naye anayejizuia kutoa kwa sababu ya ukweli huo, amemsaidia mgonjwa vilevile. Usafi wa maisha, uaminifu wa mume na mke, kiasi cha ujana: haya nayo ni utoaji wa damu salama. Nyumba ya Kikristo ikiishi kama ilivyoahidi siku ya ndoa, mishipa yake ni kisima cha taifa.

Sasa twafika penye neno la imani. Wako watu wema wasemao, «Ndugu yangu akiugua, nitatoa mara moja.» Maneno hayo si dhambi; damu kumtolea damu ni jambo la asili. Lakini Bwana wetu aliuliza: mkiwapenda wanaowapenda, mwapata thawabu gani? Hata watoza ushuru walifanya hivyo. Tena mapendo ya namna hiyo, kama tulivyoona usiku ule, aghalabu hufika mlango umefungwa. Na je, yatima? Na mgeni aliyepata ajali mbali na kwao? Na mama aliyekimbiwa na mumewe? Wao watamwita nani saa nane za usiku? Msamaria mwema hakuuliza yule aliyelala njiani ni wa kabila gani, wala ni wa dini gani. Alimtibu kwa mafuta na divai yake, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili, akaenda zake. Wala Injili haisemi kwamba jina lake lilijulikana. Damu iliyomo jokofuni haina jina, wala kabila, wala dini. Muislamu aweza kuponywa na damu ya katekista, na Padre aweza kuponywa na damu ya mtu asiyesali. Huenda hapana mahali pengine katika nchi yetu panapoonyesha wazi hivyo kwamba sisi ni ndugu.

Mtakatifu Maximilian Kolbe, Padre wa Kifransisko, alikuwa amefungwa Auschwitz mwaka 1941, wakati watu kumi walipochaguliwa wafe kwa njaa. Mmoja wao akalia kwa ajili ya mkewe na watoto wake. Padre Kolbe akatoka mstarini, akaomba afe badala yake, akafa tarehe 14 Agosti. Mtu yule hakuwa ndugu yake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 1982. Na katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, aliposifu mapendo ya kila siku yanayoulinda uhai, alitaja pia wanaotoa viungo vya miili yao kwa wagonjwa. Sisi hatuombwi uhai wetu. Twaombwa saa moja, na sehemu ndogo ya kitu ambacho Mungu aturudishia kabla ya mwezi wa tatu kwisha.

Tena mwezi wa Julai, kwa desturi ya Kanisa, ni mwezi wa Damu Azizi ya Yesu. Papa Pio IX aliieneza sikukuu yake katika Kanisa lote mwaka 1849, na Papa Yohane XXIII aliithibitisha Litania yake mwaka 1960. Twaisali litania hiyo kwa magoti. Kila Misa Takatifu twapokea matunda ya Damu iliyomwagika kwa ajili ya watu ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Yeye hakungoja tumjue, wala hakungoja tuugue, wala hakungoja tumwite. Damu yake ilitutangulia. Je, yafaa tuinuke kutoka kwenye litania ile, tupite mbele ya vitanda vya Damu Salama, tukasema, «Safari ijayo»?

Basi twatoa shauri, tukiwaomba Mapadre, makatekista na viongozi wa vyama walipokee. Kila Jumuiya ichague watu wake wanne kwa mwaka, wawili kwa ajili ya mwezi wa Juni na wawili kwa ajili ya Desemba, wakati shule zimefungwa. Majina yao yaandikwe mapema, kama yaandikwavyo ya wanaofagia kanisa. WAWATA, UWAKA na VIWAWA washindane kwa wema huo badala ya kushindana kwa sare. Baba mkuu wa nyumba aende wa kwanza, afuatane na mwanawe aliyetimiza miaka 18, ili kijana aone kwamba mzee naye anakunja mkono wa shati. Kila mmoja ajue kundi lake la damu na kulihifadhi. Asiyeweza kutoa kwa sababu ya afya au umri, awasindikize wanaotoa, awapikie uji, awaombee. Na parokia iliyo mbali na kituo iwaalike watumishi, wala isingoje kualikwa.

Nasi wa gazeti hili, tuliopita chini ya mwembe siku ile, tumekwisha kupanga mstari. Mtoto yule aliyezaliwa usiku ule anakua. Anatambaa, anacheka, anamwita bibi yake mama. Siku moja atauliza. Hatuwezi kumrudishia mamaye. Lakini twaweza kuhakikisha kwamba mwenzake atakayezaliwa usiku wa leo, mbali na hapa, kwa mama tusiyemjua, atanyonya ziwa la mama yake kesho asubuhi.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee tupate moyo wa kutoa mapema.